Wimbo Uliookotwa ni wa Nani?

Mtu akiokota pete njiani, wajibu wake ni nini? Swali hili si geni katika pwani yetu. Masheikh wamelifundisha vyuoni kwa karne nyingi, na jibu lao ni wazi: kitu cha thamani kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima, mahali wanapokutana watu, ili mwenyewe apate kusikia. Mwaka ukipita bila ya mwenyewe kutokea, mwokotaji ana ruhusa ya kukitumia. Lakini hata hapo haki ya mwenyewe haifi. Siku yoyote atakapotokea na kukitambua kilicho chake, atarudishiwa, au atalipwa thamani yake. Msingi wa mafundisho haya ni kwamba kupotea kwa kitu hakumwondolei mtu umilki wake, na kuokota hakumpi mwingine zaidi ya amana.

Tumelikumbuka swali hili la kale kwa sababu ya jambo la siku zetu. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani kuna watu wanaotumia umri na mali yao kukusanya santuri za zamani za waimbaji wa pop na wa soul. Wengi wao hawazitafuti zile zilizouzwa kwa mamilioni, bali zile zilizotoka katika miaka ya 1960 na 1970 zikapita bila ya kusikika, kisha zikaonekana tena katika maghala, maduka ya vitu vikuukuu na masanduku ya marehemu. Kutokana na mapenzi yao imezuka kazi nyingine, ya kampuni zinazozitoa upya albamu hizo, zikiwa zimesafishwa sauti na kuandikiwa historia. Mara kwa mara tunasikia kwamba mwimbaji fulani amegunduliwa, naye pengine yu hai, anafanya kazi ya mikono mtaani kwake, wala hakupata kujiona kuwa amepotea.

Basi tunauliza: wimbo uliookotwa hivyo ni wa nani? Ni wa aliyeuimba, au wa aliyelipia kurekodiwa kwake, au wa aliyeuokota wakati wengine wote wameusahau? Na aliyeuokota anadaiwa nini? Swali hili si la wageni peke yao, maana nasi tunazo kanda na santuri zetu maghalani, na waokotaji wamekwisha kubisha hodi.

Hapana budi kwanza kueleza jinsi wimbo unavyopotea, kwa kuwa haupotei kama pete. Pete huchomoka kidoleni. Wimbo hupotezwa na mwenendo wa biashara. Marekani ya miaka ya 1960 ilikuwa na kampuni ndogo za santuri zisizohesabika. Katika miji kama Detroit, Chicago, Memphis na Columbus, vijana Weusi, wengi wao wakiwa watoto wa watu waliohama mashamba ya kusini kwenda kutafuta kazi mijini, walijifunza kuimba makanisani. Waliingia katika chumba cha kurekodi kwa saa chache, wakatoka na santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande. Nakala zilipelekwa kwenye vituo vya redio. Mtangazaji akiipenda santuri, ilipigwa na watu wakainunua. Asipoipenda, au asipopata nafasi ya kuisikiliza kwa wingi wa santuri za kampuni kubwa zilizojaa mezani pake, mambo yaliishia hapo. Nakala zilizobaki zilirundikwa ghalani, zikauzwa kwa bei ya chini kabisa au zikateketezwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya muziki wa soul inatutahadharisha tusiuchukue msemo huo kuwa sheria. Viko vizuri vingi ambavyo havikujiuza, kwa sababu havikufikishwa sokoni.

Kuna na namna ya pili ya kupotea, nayo ni kupotea kwa karatasi. Kampuni ya Stax ya Memphis, iliyomtoa Otis Redding, ilishirikiana na kampuni kubwa zaidi, Atlantic ya New York, katika kusambaza santuri zake. Makubaliano yao ya mwanzo yalikuwa ya mdomo. Mwaka 1965 yakaandikwa. Atlantic yenyewe iliuzwa mwaka 1967, na mwaka uliofuata, viongozi wa Stax walipotaka kuachana nayo, ndipo walipotambua maana ya kile walichokitia sahihi: kanda za asili za nyimbo zilizosambazwa na Atlantic zilikuwa mali ya Atlantic. Redding alikuwa amekwisha kufa katika ajali ya ndege mwezi Desemba 1967. Jasho la watu wengi lilihama nyumba kwa sahihi moja, na hapana mwizi aliyevunja mlango.

Waokotaji wa kwanza wa nyimbo zilizopotea hivyo hawakuwa matajiri. Walikuwa vijana wa miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza. Katika klabu ya Twisted Wheel ya Manchester, na baadaye katika ukumbi wa Wigan Casino ulioanza dansi hizo mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1981, walicheza usiku kucha nyimbo za Wamarekani Weusi ambazo Marekani yenyewe haikuzinunua. Mwandishi Dave Godin aliziita soul ya kaskazini, ingawa ziliimbwa ng'ambo ya bahari. Wapiga santuri wa kumbi hizo walisafiri hadi Marekani, wakafukua maghala, wakarudi na makasha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao waliinama. Bila ya kuinama kwao nyimbo nyingi zingalikuwa vumbi leo. Heshima hiyo hatuwanyimi.

Lakini katika kumbi zile zile ulizuka mtindo unaotufundisha mengi. Mpiga santuri aliyepata wimbo usiojulikana alibandika karatasi juu ya jina lililochapishwa katikati ya santuri, akautangaza wimbo kwa jina la uongo, ili wapinzani wake wasijue watafute nini. Wachezaji walimshangilia mwimbaji asiyekuwako duniani. Mwimbaji wa kweli, aliyekuwa Detroit au Chicago akihangaikia kodi ya nyumba, hakujua kwamba ng'ambo umati unacheza kwa sauti yake.

Mfano mashuhuri ni wimbo wa Frank Wilson uitwao Do I Love You (Indeed I Do), uliotayarishwa na kampuni ya Motown mwaka 1965. Nakala zake karibu zote ziliteketezwa kabla ya kuuzwa. Nakala moja ilipofika Uingereza, wimbo ulitolewa bila ya idhini kwa jina la Eddie Foster. Baadaye ukweli ulijulikana, na mwaka 2009 nakala moja ya asili iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Tazama basi mwendo wa mambo: jina la mtu lilifichwa, likarudi, na bei ikapanda mpaka ikashinda thamani ya gari jipya. Lakini bei hiyo ni ya muuzaji wa santuri. Santuri kuukuu inapobadili mikono, aliyeiimba hana fungu.

Ili tulijibu swali letu, inatubidi kuchambua wimbo una nini ndani yake. Kwa maoni yetu una mambo matatu: sauti, jina na jasho. Sauti ni wimbo wenyewe unaosikika. Jina ni nasaba ya wimbo: nani aliutunga, nani aliuimba, nani alipiga gitaa na ngoma, wapi na lini. Jasho ni haki ya malipo inayotokana na kazi hiyo.

Hapa ndipo pete na wimbo huachana. Pete ni moja. Nikikurudishia wewe, mimi sinayo. Sauti haiko hivyo. Jirani akija jikoni kwangu kuchukua kijinga cha moto, moto wangu haupungui, naye anapika. Wimbo ukisikika nyumba kumi, nyumba ya kwanza haikupunjwa. Jina nalo ni vivyo hivyo: kulitaja hakumgharimu mtu kitu. Katika mambo haya matatu ni jasho peke yake ambalo likienda kwa huyu halimfikii yule.

Likishaeleweka hili, kosa la kubandika karatasi linaonekana lilivyo. Mtu aliyeokota pete akaificha ana kisingizio, dhaifu lakini kisingizio: akiirudisha ataikosa. Mficha jina hana hata hicho. Akimtaja mwimbaji, wimbo utabaki kwake kama ulivyokuwa, na miguu yake itacheza kama ilivyocheza jana. Anachokilinda si wimbo, bali upweke wa kuwa nao. Kinachompendeza ni kwamba mwenziwe hana.

Twaweza basi kutofautisha mapenzi mawili ambayo kwa nje hufanana. Kuna kupenda wimbo, na kuna kupenda uhaba wa wimbo. Wote wawili, mwenye hili na mwenye lile, huamka alfajiri kwenda mnadani, huifuta santuri kwa kitambaa laini, huijua namba iliyochongwa ukingoni mwake. Lakini mkusanyaji na ajiulize jambo moja: wimbo huu ukitolewa upya kesho kwa bei ndogo, kila mtu akausikia, je, nitafurahi au nitahuzunika? Akifurahi, ni mlinzi. Akihuzunika, basi alikuwa akilinda kitu kingine.

Kwa kipimo hicho kazi ya kuzitoa upya albamu ina heshima yake, maana huondoa uhaba. Mwaka 1982 kampuni ya Ace ya London ilianzisha jina la Kent kwa ajili ya kutoa nyimbo za soul zilizokuwa zikichezwa katika kumbi zile. Kampuni ya Numero ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilianza kazi kwa mkusanyiko wa nyimbo za Capsoul, kampuni ndogo ya Columbus iliyoendeshwa na mtangazaji wa redio Bill Moss mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kazi ya namna hii ni ngumu. Hutafutwa kanda, na isipopatikana hutafutwa santuri isiyo na mikwaruzo. Hutafutwa mwenye mkataba, watoto wake, wapiga ala waliotawanyika. Huandikwa kitabu kidogo cha kueleza nani ni nani. Anayefanya hivyo kwa uaminifu anastahili ujira. Tunasema ujira, hatusemi urithi. Mtu aliyemrudisha mbuzi wa jirani kutoka porini hupewa asante, na pengine hupewa maziwa, lakini hahamishi zizi.

Ni vema tupime na neno lenyewe wanalolitumia, neno kugundua. Watu wa Afrika Mashariki tunalifahamu neno hili kwa uchungu. Vitabu viliwahi kutufundisha kwamba Kilimanjaro iligunduliwa mwaka 1848 na mmisionari Johannes Rebmann, ilhali Wachagga walikuwa wakiuona mlima huo kila asubuhi na kunywa maji ya mito yake. Rebmann aliipasha Ulaya habari. Mlima haukuwa umepotea. Ndivyo ilivyo kwa Shuggie Otis, aliyetoa albamu ya Inspiration Information mwaka 1974. Ilipotolewa upya mwaka 2001 ilisemekana kwamba amegunduliwa. Yeye mwenyewe alikuwako miaka yote hiyo, na gitaa lake alikuwa nalo. Kilichopotea ni masikio yetu. Anayedai kwamba amemgundua mtu aliye hai hujipa sifa mara mbili: sifa ya kuona, na sifa ya kusahau kwamba yule mwingine naye ana macho.

Hata hivyo kuna mfano unaotuonyesha kuokota kunakofuata adabu ya kale. Sixto Rodriguez, mtoto wa wahamiaji kutoka Meksiko, alizaliwa Detroit mwaka 1942. Alitoa albamu mbili, Cold Fact mwaka 1970 na Coming from Reality mwaka 1971. Marekani hazikununuliwa, na kampuni yake ikafa katikati ya muongo huo. Rodriguez alirudi katika kazi ya kubomoa na kukarabati majumba. Lakini santuri zake zilikuwa zimefika Afrika ya Kusini, ambako vijana waliochoshwa na utawala wa ubaguzi waliziimba kwa moyo. Huko iliaminika kwamba mwimbaji amekwisha kujiua jukwaani. Hapana aliyejua anaishi wapi, wala kama ana mtoto.

Albamu yake ya pili ilipotolewa upya huko mwaka 1996, maelezo yaliyochapishwa pamoja nayo yaliwauliza wasomaji kama kuna awezaye kumtafuta mtu huyu. Hilo ndilo tangazo wanalolitaka masheikh: kitu kimepatikana, mwenyewe na ajitokeze. Msako ukaanza, akapatikana hai Detroit, na mwaka 1998 akasimama mbele ya maelfu ya watu wa Afrika ya Kusini waliojua nyimbo zake zote kwa moyo. Mwaka 2012 filamu ilisimulia habari hiyo ulimwenguni, ikauliza na swali ambalo halikupendeza wote: fedha za santuri zilizouzwa miaka yote ile zilikwenda wapi? Rodriguez alifariki mwaka 2023. Tunajifunza kwamba sauti ilirudi, jina likarudi, nalo jasho likachelewa kuliko yote. Na si ajabu, kwa kuwa ndilo peke yake ambalo kulirudisha kunamwumiza mwenye kurudisha.

Atatokea mtu aseme: maneno haya ni mazuri, lakini mwenye wimbo anajulikana kisheria, ni yule mwenye mkataba na kanda. Hoja hii haitaki kudharauliwa. Bila ya mikataba hapana anayejua amlipe nani, na mnyonge ndiye wa kwanza kuumia. Lakini mkataba hununua jasho. Haununui jina, wala hauhakikishi ulinzi. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliwaka katika eneo la studio za Universal karibu na Los Angeles, ukateketeza ghala lililokuwa na kanda za asili. Umma haukuambiwa ukweli wa hasara hiyo mpaka mwaka 2019, gazeti la New York Times lilipoiandika, na kampuni ikabisha juu ya ukubwa wake. Vyovyote itakavyohesabiwa, kanda zilizoungua haziwezi kuimba tena. Umilki wa karatasi haukuzifanya ziwe salama kuliko santuri moja iliyotunzwa kabatini na mtu asiyekuwa na hati yoyote.

Wala mwenye jasho hasahau. Syl Johnson, mzaliwa wa Mississippi aliyefanya kazi yake Chicago, alitoa wimbo wa Different Strokes mwaka 1967. Miaka mingi baadaye vipande vya wimbo huo vilikatwa na kutiwa ndani ya nyimbo za wasanii wengi wa rap. Johnson hakungoja kutangaziwa. Aliwafuata waliovitumia, akadai haki yake, na mara nyingine akaenda mahakamani. Mwaka 2010, alipokuwa bado hai, Numero walikusanya kazi zake katika kasha moja lenye jina lake. Alifariki mwaka 2022. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mtu mwingine ataleta hoja ngumu zaidi. Je, ikiwa mwenyewe alitaka wimbo upotee? Inasimuliwa kwamba Frank Wilson aliulizwa na mkuu wa Motown, Berry Gordy, kama angependa kuwa mwimbaji au mtayarishaji, naye akachagua kutayarisha nyimbo za wengine. Ndipo santuri yake ikaharibiwa. Marvin Gaye naye alikusudia kutoa albamu ya You're the Man mwaka 1972, kisha ikawekwa kando. Alifariki mwaka 1984, na albamu hiyo ikatolewa kwa jina hilo mwaka 2019. Je, tulikuwa na haki ya kuisikiliza?

Hatudhani kwamba jibu ni moja kwa kila mtu. Aliye hai aulizwe, na neno lake lishike, hata likiwa ni la kukataa. Pete mtu aliyoitupa baharini kwa hiari yake si pete iliyopotea. Kwa aliyekufa, warithi waulizwe, na msikilizaji aambiwe ukweli: hii ni kazi ambayo mwenyewe hakuitoa. Kinachokatazwa ni kuuza kimya cha marehemu kana kwamba ni idhini yake. Msikilizaji anaweza kuupenda wimbo na papo hapo akajua kwamba amesimama mlangoni mwa chumba ambacho hakukaribishwa.

Sasa turudi nyumbani, maana tuliahidi kwamba jambo hili linatuhusu. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwasikitikia wasomi waliojua dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwao. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Mwaka 1969 uongozi wa mkoa uliokuwa ukijumuisha Dar es Salaam ulipiga marufuku muziki wa soul katika madansi. Vijana waliokuwa wakiupenda waliambiwa kwamba unaharibu utamaduni.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu waliotangulia. Walitaka kulinda kitu, na nia ya kulinda si dhambi. Lakini leo tunaweza kuona walichokuwa hawajakiona. Waliozitunga nyimbo zile hawakuwa mabwana wa dunia. Wengi walikuwa wana wa wafanyakazi, na wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Na wakati soul ilipokuwa ikifukuzwa mlangoni, kanda za bendi zetu zilikuwa zikipangwa rafuni. NUTA Jazz, Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz na nyinginezo zilirekodi katika studio za redio ya taifa. Adui wa kanda hizo hakuwa wimbo wa kigeni. Alikuwa vumbi, joto, na usahaulifu wetu wenyewe.

Na waokotaji wamekuja. Mwaka 2007 kampuni ya Buda Musique ya Paris ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Tanzania za miaka ya 1960 katika juzuu ya tatu ya mfululizo uitwao Zanzibara. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa Kenya Special, mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980. Mjukuu wa mpiga gitaa wa Dar es Salaam huenda akamsikia babu yake kwa mara ya kwanza katika santuri iliyochapwa Ulaya. Hatuna sababu ya kuwakasirikia walioinama wakati sisi tumesimama. Tuna sababu ya kujiuliza kwa nini hatukuinama.

Katika jambo hili hata dola haina budi kujihesabu. Bendi ya NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Wapigaji wake walipewa mishahara, na redio iliyowarekodi ilikuwa ya umma. Je, mshahara ulinunua kila kitu? Tumekwisha kusema kwamba malipo hununua jasho, tena kwa kadiri ya mapatano. Hayakununua jina. Kanda inayosema jina la bendi bila ya jina la mtunzi, bila ya mpiga solo wala mpuliza tarumbeta, imebandikwa karatasi ile ile ya Wigan, ingawa aliyeibandika hakukusudia. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imemtambua mtunzi na mwimbaji pia. Lakini sheria humsaidia anayejulikana. Asiyeandikwa jina hana hata pa kuanzia kudai.

Basi mwokotaji wa wimbo, awe mkusanyaji wa Manchester, kampuni ya Chicago, au ofisi ya umma hapa kwetu, ana wajibu wa namna nne. Kwanza ni kutangaza: jina kamili, mahali, mwaka, na wote walioshiriki, kadiri wanavyojulikana. Pili ni kutafuta, kwa kuwa tangazo lisilomfikia mwenyewe ni kelele tu. Na wazee waliopiga ala katika miaka ya 1960 hawatatungoja sana. Tatu ni kulipa, hata kama ni kidogo, na hata kama mkataba wa zamani haumlazimishi. Nne ni kuurudisha wimbo ulikozaliwa. Toleo linalouzwa London kwa pauni, lisisikike Kilwa wala Tabora, limeokoa sauti nusu. Wimbo wa Detroit na usikike Detroit, na wimbo wa Dar es Salaam usikike Dar es Salaam, kwa bei ambayo mtoto wa aliyeuimba anaimudu.

Mwenye kukusanya atasema huu ni mzigo mzito kwa mtu aliyependa santuri tu. Twamjibu kwamba katika hayo manne ni moja tu linalopunguza mfuko wake. Mengine yote yanauacha wimbo mikononi mwake kama alivyoukuta. Ataendelea kuiweka santuri juu ya mashine jioni, na sauti itatoka kama ilivyotoka jana. Tofauti itakuwa kwamba akiulizwa na mgeni wake ni nani huyu anayeimba, atalitaja jina.